Shemeji alirudi ziwani baada ya miezi mitatu. Mimi mwanamke, je?

Wapendwa washauri,

Nina miaka 31, ninaishi Nansio, kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, na nina watoto wawili. Valvu yangu ya mitrali, mlango mmojawapo wa moyo, iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kwa miaka miwili nilitibiwa pumu, hadi mimba ya pili iliponibana pumzi nikawa nalala nimekaa. Hapo ndipo nikapigwa eko, yaani utrasaundi ya moyo, Mwanza. Majibu ya mwezi uliopita ni haya: uwazi wa mitrali ni sentimita za mraba 0.9, valvu imekakamaa na ina chokaa, inavuja kwa wastani. Chumba cha juu cha kushoto kina milimita 54. Presha ya mapafu 62. Nguvu ya moyo asilimia 58. Mapigo hayana mpangilio. Nina kilo 49, urefu sentimita 156, damu 9.4. Natumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, dawa ya kupunguza mapigo, dawa ya kukojoa na sindano ya penisilini kila wiki nne.

Nimepewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kubadilishiwa valvu. Maneno yakaanza. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alibadilishiwa valvu ya aota mwaka juzi, na baada ya miezi mitatu alikuwa ziwani anavuta nyavu. Mama mkwe anasema mwanaume huhimili kisu, mwanamke hahimili, na anamtaja jirani aliyefariki baada ya upasuaji wa namna hiyo. Binamu yangu anayesomea uuguzi naye akanionyesha kwenye simu kwamba hata fomula ya madaktari ya kukadiria hatari inaongeza alama ukiwa mwanamke. Siku hiyo sikulala.

Naomba mnijibu bila kunibembeleza. Ni kweli wanawake hupona vibaya kuliko wanaume? Kama ni kweli, kinachosababisha ni nini, na kipi naweza kukirekebisha kabla sijapanda basi? Nimeambiwa nifikirie valvu ya chuma au ya tishu, na mume wangu anataka mtoto wa tatu. Halafu nikirudi, nitasonga ugali na kuchota maji lini?

M., Nansio

*

Dada M.,

Umeomba usibembelezwe, basi jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Katika kumbukumbu za hospitali za Marekani na Ulaya, wanawake wanaopasuliwa valvu, iwe ya aota au ya mitrali, hufariki hospitalini kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Binamu yako hakukudanganya. Fomula aliyokuonyesha bila shaka ni EuroSCORE II, iliyotolewa mwaka 2012, na kweli ina alama ya jinsia.

Ila mwambie aisome yote. Presha ya mapafu ikizidi 55, fomula hiyo hiyo inakuongezea alama zaidi ya ile ya uanamke. Wewe yako ni 62. Kushindwa kupumua kwa kazi ndogo kuna alama yake, tena kubwa kuliko ya jinsia. Kuingizwa chumba cha upasuaji kwa dharura ndiko kunakozidi mara tatu. Kwa hiyo jinsia huwezi kuibadilisha, lakini alama yake ni miongoni mwa zile ndogo kwenye orodha. Yaliyo juu yake, mengi yanatokana na kuchelewa.

Na huko kuchelewa ndiko kunakoeleza sehemu kubwa ya tofauti. Mwanamke hufika kwa daktari wa upasuaji akiwa ameshachoka: mapigo yameshaharibika, mapafu yameshabeba presha, damu iko chini. Watafiti wakilinganisha wanawake na wanaume waliofika katika hali inayofanana, pengo hupungua sana. Miaka miwili ya kutibiwa pumu unaijua mwenyewe. Mwanamke akisema anachoka na pumzi inambana, kwanza ataambiwa ni mimba, au damu, au mawazo. Mimba huongeza damu mwilini kwa asilimia 40 hadi 50, na damu hiyo yote inalazimika kupita kwenye tundu lile lile lililobana. Ndiyo maana wengi hugundulika wakiwa wajawazito, kama wewe.

Kuna ucheleweshaji mwingine ambao hata daktari mwangalifu anaweza kuufanya, nao umo kwenye vipimo vyenyewe. Chukua valvu ya aota inayovuja. Kwa miaka mingi kipimo cha kuamua upasuaji kimekuwa milimita 50: chumba cha chini cha kushoto kikibaki na upana huo hata baada ya kujikamua, muda umefika. Namba hiyo ilizoeleka kwa kupima wanaume zaidi. Mwanaume mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.9 akifika 50, ni kama milimita 26 kwa kila mita ya mraba. Wewe, kwa kilo 49 na sentimita 156, eneo lako ni kama 1.46. Ukisubiri ufike 50, moyo wako utakuwa umetanuka hadi 34 kwa kila mita ya mraba, umeshaharibika. Miongozo ya karibuni imeongeza kipimo cha pili kinachogawanywa kwa ukubwa wa mwili, yaani 25, na kwa mwili kama wako kinafika kwenye milimita 36 au 37 tu. Hili si tatizo lako, maana valvu yako imebana. Tumelieleza kwa sababu wapo dada wanaosoma hapa wenye valvu inayovuja, ambao wameambiwa "bado, rudi baada ya mwaka". Waulize: bado kwa mwili wa nani?

Sasa shemeji. Kujilinganisha naye si haki kwako, wala kwake. Valvu ya aota iko kwenye mlango wa kutokea. Ikibadilishwa, chumba kikubwa cha kushoto hupata nafuu mara moja. Yako iko kabla ya chumba hicho. Damu imekuwa ikirudi nyuma kwenye mapafu kwa miaka, na upande wa kulia wa moyo umekuwa ukisukuma dhidi ya presha. Valvu ikishabadilishwa, mapafu na upande wa kulia hujirekebisha polepole, kwa miezi. Ukiwa bado unahema kidogo ukipanda ngazi wiki ya nane, usidhani umeshindwa. Muulize pia daktari wa upasuaji kama valvu ya upande wa kulia, trikaspidi, nayo inavuja au pete yake imetanuka kufikia milimita 40. Ikiwa hivyo, huwa inakazwa siku hiyo hiyo, kwa sababu kurudi kuifungulia kifua mara ya pili ni hatari kuliko kuimaliza.

Ugonjwa wako wenyewe nao unawapenda wanawake kuliko wanaume, kwa bahati mbaya. Katika utafiti wa REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa baridi yabisi ya moyo katika nchi 14, yaani 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, theluthi mbili walikuwa wanawake, na umri wa katikati ulikuwa miaka 28. Wale wa kumbukumbu za Ulaya wengi ni wazee ambao valvu zao zimechakaa kwa umri. Wewe una miaka 31, figo zako hazijatajwa kuwa na shida, nguvu ya moyo ni 58. Hayo ni mambo mazuri na usiyadharau.

Kinachotutia wasiwasi kwenye karatasi yako ni ile 9.4.

Wakati wa upasuaji moyo husimamishwa na damu hupitishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu. Mipira ya mashine hiyo hujazwa kwanza maji ya dripu, lita moja hadi moja na nusu, na maji hayo huchanganyika na damu yako. Mwanaume wa kilo 75 ana damu kama lita 5.2; mwanamke wa kilo 49 ana kama lita 3.2. Tuchukue maji lita 1.2. Shemeji akiingia na damu 14, mashine ikiwashwa inashuka hadi kama 11.4. Wewe ukiingia na 9.4, unashuka hadi 6.8 kabla hata uzi wa kwanza haujashonwa. Hapo hakuna namna, utaongezewa damu, na kila chupa inaongeza uwezekano wa maambukizi, wa figo kuchoka na wa kukaa siku nyingi kwenye mashine ya kupumulia. Ukiingia na 12, unashuka hadi 8.7. Mwili mdogo na damu kidogo: hiyo nayo ni sehemu ya ule "uanamke" ambao fomula inauhesabu, na ndiyo sehemu unayoweza kuifanyia kazi kuanzia wiki hii.

Kwa mtu wa Ukerewe, kabla ya kunywa vidonge vya madini ya chuma, tafuta damu inakotokea. Pima malaria. Pima choo, kutafuta safura na kichocho. Hesabu hedhi yako, kwa sababu unatumia warfarini na wanawake wengi wanaoitumia hutokwa damu nyingi wakidhani ni kawaida yao. Pedi iliyolowa kabisa ndani ya saa moja, na inayofuata tena hivyo hivyo, si kawaida ya mtu yeyote. Vidonge vya chuma meza kimoja kwa siku na maji ya machungwa au ndimu. Chai ya rangi isubiri saa mbili, maana huzuia chuma kuingia. Choo kitakuwa cheusi. Andika tarehe uliyoanza, ili siku daktari akiuliza kama unatokwa damu tumboni kwa sababu ya warfarini, ujue weusi ni wa vidonge au wa damu. Choo cha damu hunata kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida. Kama muda uliobaki ni mfupi, uliza kuhusu chuma cha kuwekewa kwenye mshipa. Usikubali kuongezewa damu haraka haraka kwenye zahanati "ili upate nguvu za safari": kwa mitrali iliyobana, chupa ikikimbia inaweza kujaza mapafu maji usiku huo huo.

Kichocho tusikipite. Kichocho cha ziwa hili hukaa kwenye mishipa ya utumbo na ini. Aliyeishi nacho tangu utotoni anaweza kuwa na makovu kwenye ini na mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, bila kujua. Mtu huyo akipewa warfarini anaweza kutapika damu. Tena wakati wa upasuaji kuna eko inayopitishwa mdomoni kwenda koo la chakula, na mpira huo ukikwaruza mishipa iliyovimba, kuna balaa. Kwa hiyo kama umewahi kutapika damu, kama wengu umewahi kuambiwa ni mkubwa, au kama umeoga na kufua ziwani maisha yako yote, sema, na uombe utrasaundi ya ini kabla ya safari. Dawa yenyewe, prazikwanteli, ni rahisi: miligramu 40 kwa kila kilo, kwa mara moja, baada ya chakula. Mwambie anayekupa kwamba uko kwenye warfarini ili INR, kipimo cha damu yako inavyochelewa kuganda, irudiwe kupimwa.

Meno nayo yakaguliwe sasa. Jino bovu linalong'olewa baada ya kuwekewa valvu mpya ni njia ya vijidudu kuingia kwenye valvu hiyo.

Tuje kwenye valvu. Kwanza hakikisha swali la puto limeulizwa na kujibiwa. Mitrali iliyobana lakini bado laini inaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kufungua kifua. Yako ina chokaa na inavuja kwa wastani, hivyo huenda jibu ni hapana, lakini liandikwe kwenye faili pamoja na sababu. Uliza pia kama inaweza kurekebishwa badala ya kubadilishwa. Wanawake hurekebishiwa mara chache kuliko wanaume, na ingawa valvu za baridi yabisi ni ngumu kurekebisha, swali halina gharama.

Ikibidi kubadilishwa: ile ya chuma, ambayo kwa kweli vipande vyake ni vya kaboni ngumu, hudumu miongo, ila inadai warfarini hadi mwisho wa maisha na INR kati ya 2.5 na 3.5. Ya tishu, ya ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida hudai warfarini miezi mitatu hadi sita tu. Lakini kwa kijana huchakaa mapema, mara nyingi ndani ya miaka kumi hadi kumi na tano, halafu kifua kinafunguliwa tena.

Wanawake wengi wa umri wako huambiwa wachague tishu ili wakwepe warfarini wakati wa mimba. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye mapigo ya kawaida. Wewe mapigo yako hayana mpangilio, na hilo peke yake linadai dawa ya kuzuia damu kuganda hata valvu ikiwa ya tishu. Yaani unaweza kulipa gharama ya tishu, ambayo ni upasuaji wa pili, bila kupata faida yake. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wa upasuaji ni hili: "Mnaweza kujaribu kurudisha mapigo yangu wakati kifua kiko wazi, na kukifunga kile kifuko cha chumba cha juu ambako damu huganda?" Jibu lake ndilo litakaloelekeza valvu gani. Baada ya hapo uliza saizi: valvu watakayoweka itakuwa na uwazi wa kutosha kwa mwili wako? Kwa mitrali, uwazi halisi ukiwa chini ya sentimita za mraba 1.2 kwa kila mita ya mraba ya mwili huhesabiwa kuwa valvu imekuwa ndogo kwa mwenyewe. Kwako hiyo ni kama 1.75. Kwenye aota tatizo hili huwapata sana wanawake wenye pete ndogo. Kwenye mitrali ya baridi yabisi makovu nayo hubana pete.

Halafu kuna ziwa lenu. INR hupimwa kila wiki mwanzoni, na ikishatulia walau kila mwezi. Kabla ya kusema "chuma", piga simu ujue ni wapi Nansio wanapima, siku gani, na vitendanishi vikiisha wanakwenda wapi. Kama jibu ni hospitali ya Bugando, Mwanza, tu, basi kila kipimo ni nauli ya meli kwenda na kurudi, na siku ziwa likichafuka hakuna kipimo. Kuna wanaohamia kwa ndugu Kirumba au Nyakato, huko huko Mwanza, kwa miezi mitatu ya kwanza. Si wazo baya.

Usikubali kubadilishiwa warfarini kwa vile vidonge vipya visivyohitaji kupimwa. Kwenye valvu ya chuma vilijaribiwa, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu vilileta madhara zaidi. Kwa baridi yabisi yenye mapigo kama yako, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 ambao zaidi ya saba kati ya kumi walikuwa wanawake, ulionyesha kwamba waliokuwa kwenye dawa za jamii ya warfarini waliishi zaidi. Kwa valvu ya tishu mjadala upo. Kwa ya chuma haupo.

Mtoto wa tatu. Hapa tunaomba mume wako asome mwenyewe. Kubeba mimba sasa, mlango ukiwa 0.9, ni hatari ambayo miongozo inaikataza. Baada ya valvu ya chuma inawezekana, lakini warfarini huharibu viungo vya mtoto hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kuiacha kienyeji huigandisha valvu na kumuua mama. Kinachofanyika ni kupanga kabla: wanaohitaji miligramu 5 au pungufu kwa siku hatari ya mtoto iko chini, wengine hubadilishiwa sindano za heparini kwa wiki hizo chini ya uangalizi wa karibu. Hizo si mimba za kuanzia kliniki mwezi wa tano, wala za kujifungulia kisiwani.

Kwa hiyo weka uzazi wa mpango kabla ya safari. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili usitumie, vinagandisha damu. Sindano ya msulini inaweza kuacha uvimbe wa damu kwa mtu wa warfarini. Lupu ya shaba huongeza hedhi. Kijiti cha mkononi ndicho kinachokufaa, au kitanzi chenye homoni ukikipata, ambacho pia hupunguza damu ya mwezi. Na ukipata muwasho au uchafu ukeni, usinunue mwenyewe flukonazoli, metronidazoli wala vidonge vya kuweka ukeni vya mikonazoli kwenye duka la dawa. Vyote vitatu hupandisha INR. Wanawake wengi hutokwa damu kwa sababu hiyo na hakuna anayeihusisha na dawa ya fangasi.

Sindano yako ya penisilini tunaiongezea neno. Mwaka 2022 chama cha moyo cha Marekani kilitahadharisha kwamba wenye mitrali iliyobana sana wanaweza kuzimia na kufa baada ya sindano, si kwa mzio bali kwa moyo kushindwa kuhimili mshtuko wa presha. Usiache mwenyewe. Muulize daktari wa moyo akubadilishie vidonge, miligramu 250 mara mbili kwa siku, hadi upasuliwe. Baada ya upasuaji kinga iendelee. Utakutana na watu watakaokwambia "valvu si imeshabadilishwa?" Imebadilishwa moja, na zimebaki tatu.

Safari. Kutoka Mwanza hadi Dar kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100, na kosa linalofanywa na wagonjwa wengi wa moyo, wanawake hasa, ni kuacha dawa ya kukojoa siku ya safari kwa kuogopa choo. Basi likifika Dodoma mapafu yamejaa. Kunywa dawa yako; panga na daktari saa ya kuinywa ili ufanye haja kabla ya kupanda au kwenye kituo cha chakula. Shuka kila kituo utembee. Usibebe dagaa wa chumvi kama chakula cha njiani. Na usikimbilie meli wala basi: moyo ukienda mbio, muda wa damu kupita kwenye tundu lililobana unapungua, na ndiyo maana pumzi hukata ghafla. Ndugu wawili watatu waende wakachangie damu mapema, wakuletee kadi.

Kuhusu ugali. Mfupa wa kidari hukatwa katikati na kushonwa kwa waya. Huchukua wiki sita hadi nane kushikana na kama kumi na mbili kuwa imara. Mpaka hapo usinyanyue zaidi ya kilo 5, yaani dumu la lita tano. Ndoo ya maji ni kilo 20. Kusonga ugali wa watu sita kunaonekana kazi ndogo, lakini angalia mikono: umeinama, mwiko umeushika kwa mikono miwili, unasukuma kwenda mbele na kuvuta, na nguvu yote inapita kifuani, mfupa unavutwa pande mbili. Ni mbaya kuliko kubeba dumu. Wiki kumi na mbili, bila kujadiliana. Kutwanga na kufua mashuka vile vile. Mtoto apande mwenyewe kwenye mkeka ulipokaa, usimnyanyue. Hapa ndipo wanaume wanapopata nafuu isiyo ya mwili: shemeji alipikiwa kwa miezi mitatu, nawe utatarajiwa jikoni wiki ya tatu. Mpangilio wa nani atapika na nani atachota ukae sawa kabla hujaondoka, na mama mkwe awepo kwenye kikao hicho.

Vaa sidiria laini isiyo na waya, inayofungwa mbele, usiku na mchana kwa wiki za mwanzo. Maziwa yakining'inia huvuta kidonda pande mbili na kukifungua upande wa chini, na hili wanaume hawalijui kwa hiyo mara nyingi halisemwi. Ukiamka, jigeuze ubavu kwanza, shusha miguu, kisha inuka; ukikohoa, kumbatia mto. Ukisikia mfupa unagongana ukigeuka, au kidonda kikitoa usaha, au homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki.

Mboga usiache. Matembele, mchicha na kisamvu hushusha INR, lakini shida ni kula bakuli leo na kuacha wiki nzima. Kula kiasi kile kile, na dozi ipangwe juu ya hapo. Warfarini saa moja usiku kila siku. Ukisahau na kumekucha, ruka, usimeze mbili. Maumivu tumia parasetamoli, siyo diklofenaki.

Ile karatasi ya eko na barua ya rufaa, zipige picha leo umtumie mume wako na binamu yako, kisha uzitie kwenye mfuko wa nailoni. Melini vitu hulowa, na Dar hawawezi kupanga upasuaji kwa karatasi iliyofutika namba.